Furushi na Mizigo

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Wagalatia 6:1–5; 2 Wafalme 6:1–7; Zaburi 37:21; Luka 14:28–30; 2 Wafalme 4:1–7; Nehemia 5:1–13; Marko 7:9–13; Warumi 13:7, 8.

Fungu la kukariri: Wagalatia 6:2 na 6:5. Yakaririwe yote mawili kwa pamoja.

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, makanisa yetu ya Tarime na Serengeti huona jambo lilelile. Ibada ikiisha, kijana aliyefaulu hubaki uani akimsubiri mzee wa kanisa. Anataka maombi, lakini anataka pia kujua atasomaje. Mwingine ni yatima. Mwingine ana wazazi wasio na kitu baada ya mahindi kukauka. Mwingine ana baba mwenye ng'ombe wengi aliyesema hatatoa hata mmoja. Wote wanauliza: “Nikikopa, nitalipaje?” Na wapo ndugu zao waliokwisha kuhitimu ambao wana swali jingine, wasilolitamka kwa sauti: “Je, ni lazima nilipe?”

Mtume Paulo anasema mambo mawili yanayoonekana kupingana, na kati yake kuna mafungu mawili tu. Katika Wagalatia 6:2 anatuagiza tuchukuliane mizigo. Katika fungu la 5 anasema kila mtu ana furushi lake la kuchukua mwenyewe. Kwa Kiyunani maneno haya ni mawili tofauti. La kwanza ni uzito unaomlemea mtu hata aanguke. La pili ni mzigo wa kawaida wa msafiri, ambao kila mmoja anategemewa kuubeba.

Juma hili tutauliza: katika deni la masomo, furushi ni lipi, na mizigo ni ipi? Tukikosea hapa tunaumiza watu kwa njia mbili. Anayewatupia wengine furushi lake anageuka kuwa mdhulumaji. Na kanisa linalomwambia aliyelemewa kwamba hilo ni furushi lake limeikana sheria ya Kristo.

JUMAPILI
Shoka la kuazima

Soma 2 Wafalme 6:1–7. Kwa nini mwanafunzi yule alilia, na alilia juu ya nini?

Wanafunzi wa manabii walibanwa na ufinyu wa mahali pao, wakaenda Yordani kukata miti ya kujengea. Mmoja wao hakuwa na shoka. Aliazima. Alipokuwa akikata, chuma kikachomoka na kuzama majini. Biblia haisemi kwamba alilia kwa sababu kazi ilisimama. Kilio chake kilikuwa kwamba chombo kile si chake.

Hapa tunamwona mwanafunzi asiye na mali, anayesoma kwa kitu cha mtu mwingine, na kitu hicho kimepotea bila yeye kukusudia. Angeweza kujitetea. Shoka lilichomoka lenyewe. Kazi ilikuwa ya Bwana. Mwenye shoka huenda alikuwa na uwezo kuliko yeye. Hakusema lolote kati ya hayo.

Tazama pia jinsi alivyosaidiwa. Elisha alikuwa amekwenda pamoja nao. Hakubaki nyumbani akawaombea kwa mbali. Aliuliza chuma kimeanguka wapi, akakata kijiti, akakitupa, chuma kikaelea. Lakini hakukiokota yeye. Alimwambia mwanafunzi akitwae, naye akanyosha mkono wake mwenyewe. Kuinua chuma kutoka chini ya mto kulimshinda kijana, na huo ulikuwa mzigo. Kunyosha mkono na kukirudisha kwa mwenyewe kulikuwa furushi lake. Mambo haya mawili yametokea mahali pamoja, na hakuna lililoondoa jingine.

Tafakari: Ni kitu gani ulichoazima, kikubwa au kidogo, ambacho umeanza kukizoea kana kwamba ni chako?

JUMATATU
Fedha hii ni ya nani?

Soma Zaburi 37:21 na Mhubiri 5:4, 5. Maandiko yanamwitaje mtu akopaye asilipe?

Katika miaka ya baada ya uhuru, gharama za chuo kikuu nchini Tanzania zililipwa na serikali. Baadaye ikaja sera ya kuchangia gharama, na mikopo ikaanza kutolewa Julai 1994. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Ndiyo inayotoa mikopo, na ndiyo inayodai hata ile iliyotolewa kabla haijaundwa.

Wengi husema, “Hiyo ni fedha ya serikali, na serikali haina njaa.” Lakini marejesho ya wahitimu yanarudi kuwakopesha wanafunzi wapya. Shilingi ambayo mhitimu wa mwaka jana hakuirudisha haikupungua mfukoni mwa waziri. Imepungua katika fungu la binti wa Nyamwaga ambaye leo anajaza maombi yake. Hamjui, wala binti huyo hatamjua aliyemnyima. Ndiyo maana dhambi hii ni rahisi kutenda. Aliyedhulumiwa hana sura.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa wetu huu wa Mara, alimfananisha msomi na mtu aliyepewa na kijiji chenye njaa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wengine chakula. Mtu huyo akila na asirudi, amewasaliti. Wakati ule hapakuwa na mkataba wala kiwango cha makato, lakini deni lilikuwepo. Leo deni hilo limeandikwa na kutiwa saini, nasi tunaofundishwa kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo (Mathayo 5:37) tunalo la kujibu kuliko wengine.

Je, mkopaji ana haki ya kulalamika? Anayo. Wapo waliosaini wakati makato yalikuwa asilimia 8 ya mshahara wa msingi, na baada ya sheria kurekebishwa mwaka 2016 wakakatwa asilimia 15. Wapo walioona deni lao likikua kila mwaka kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, hata makato yao yakashindwa kulipunguza. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021 baada ya malalamiko ya miaka mingi. Kulalamikia masharti kwa njia ya haki si dhambi. Watu wa siku za Nehemia walilalamika, na Mungu akasikia. Lakini kulalamika ni jambo moja, na kujificha ni jambo jingine. Anayelalamika anajulikana alipo.

Tafakari: Kama mwanafunzi anayekuja baada yako angekuwa ameketi mbele yako leo, ungemweleza nini kuhusu deni lako?

JUMANNE
Kuhesabu kabla ya kujenga

Soma Luka 14:28–30. Yesu anasema mtu huketi kwanza. Kwa nini kuketi?

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wanafunzi wengi huijua harusi vizuri. Fedha ya kujikimu inapoingia, ile wanayoiita bumu, chuo kizima hunukia nyama choma. Baada ya majuma machache vijana walewale wanakopa unga.

Tukae basi tuhesabu. Mkopo una sehemu zake: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo na nyinginezo kulingana na masomo. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 kiwango cha chakula na malazi kimekuwa shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500. Si kila mwombaji hupewa vyote. Hali yake ya uhitaji hupimwa, na wengi hupata sehemu tu ya ada. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: pengo ni kiasi gani, na litazibwa na nani? Kijana asiye na mtu nyuma yake anapaswa kulijua pengo hilo kabla ya kupanda basi, si siku ya mtihani anapozuiwa mlangoni.

Swali la pili ni la siku za mbele. Tuseme mhitimu anadaiwa shilingi 12,600,000, na amepata kazi yenye mshahara wa msingi wa shilingi 700,000. Asilimia 15 ni shilingi 105,000 kila mwezi. Atalipa kwa miezi 120, yaani miaka 10. Katika miaka hiyo ataoa au ataolewa, atazaa, atauguza wazazi. Mithali 22:7 inamwita akopaye mtumwa wa mkopeshaji. Fungu hili halimkatazi mtu kukopa. Linamweleza kwamba sehemu ya miaka yake ijayo ameshaitoa, ili asiitoe tena mara ya pili kwa mtu mwingine. Hapo ndipo wengi huangamia. Mkopo wa Bodi una muda wa kupumua wa miezi 24 baada ya kuhitimu. Mikopo ya kausha damu haina kupumua. Mwanafunzi anayekopa kwenye simu ili kununua simu amejifunga minyororo miwili.

Darasani huulizwa: bumu litolewe zaka? Zaka ni sehemu ya kumi ya ongezeko (Kumbukumbu la Torati 14:22), na fedha ya kukopa si ongezeko. Ni shoka la kuazima. Mhitimu anapoanza kupata mshahara, hutoa zaka ya mshahara wote, pamoja na ile sehemu inayokwenda kulipa deni. Hapo ndipo masomo yake yanapozaa ongezeko, na Bwana hapungukiwi. Kwa mfano wetu, zaka ni shilingi 70,000. Pamoja na makato ya Bodi ni 175,000, kabla ya kodi na mfuko wa hifadhi ya jamii. Afadhali kijana aijue hesabu hii akiwa mwaka wa kwanza.

Tafakari: Andika kwenye karatasi madeni yako yote. Ni lipi ambalo hukutaka kuliandika?

JUMATANO
Aliyeachwa na baba yake

Soma 2 Wafalme 4:1–7 na Zaburi 27:10. Majirani wa yule mjane walitoa nini?

Katika wilaya zetu yupo mwanafunzi ambaye upweke wake una sababu yake ya pekee. Desemba ya miaka inayogawanyika kwa mbili, msimu wa ukeketaji unapofika kwa baadhi ya koo, wasichana hukimbia. Wengine wamepokelewa katika nyumba salama za Masanga, Tarime, na za Mugumu, Serengeti. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na wanaokimbia wana haki. Lakini haki hiyo ina gharama. Binti aliyekataa kukeketwa mara nyingi amekataa pia ng'ombe wa mahari waliokuwa wakingojewa, na huenda hao ndio ambao kaka yake angeolea. Baba huona amenyang'anywa. Husema, “Kama umekua kiasi cha kunikataa, jisomeshe.” Na binti akafaulu, akajisomesha.

Wengi wetu tulishangilia alipokimbia. Swali la kimaadili linaanza miaka mitano baadaye, kelele zikiisha. Fomu ya maombi ya mkopo inataka saini ya mdhamini, uthibitisho wa serikali ya kijiji au mtaa, na muhuri wa mwanasheria. Baba yuko hai, kwa hiyo binti huyu si yatima kwa karatasi. Hana cheti cha kifo cha kumwombea huruma. Ana baba hai asiyetaka kusaini. Anakwenda kwa nani?

Mjane wa 2 Wafalme 4 alikuwa mke wa mmoja wa wana wa manabii. Mumewe alikufa akiwa na deni, na mdai akaja kuchukua watoto wawili. Elisha hakusema deni lile ni batili. Mwishoni alimwagiza auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Furushi lilibaki furushi. Lakini kabla ya hapo alimtuma kwa majirani wote, akaombe vyombo vitupu, tena si vichache. Majirani hawakuombwa fedha. Pengine nao hawakuwa nayo. Waliombwa vyombo vitupu, na mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha.

Makanisa yetu mengi ya vijijini ni maskini, na yanaposikia habari za ada hujiona hayana cha kutoa. Lakini vyombo vitupu tunavyo. Saini ya mzee wa kanisa kama mdhamini ni chombo. Nauli ya kwenda mjini kugonga muhuri ni chombo. Kitanda nyumbani kwa mshiriki anayeishi karibu na chuo, mahali pa kurudi wakati wa likizo ili binti asirudi kwenye hatari, debe la mahindi linalopelekwa na vijana wa TUCASA, vyote ni vyombo. Hata kwenda wazee wawili kumwona baba yake, kuketi naye kwa heshima, kusikia uchungu wake na kumsihi, ni chombo. Baba huyo naye ana hofu zake juu ya mwanawe asiye na mahari, na hajawahi kusikilizwa na mtu wa kanisa zaidi ya kuhubiriwa.

Mzee anayeogopa kusaini kwa sababu Mithali inaonya juu ya kuwa mdhamini (Mithali 6:1–5) anafanya vema kulitafakari onyo hilo. Asisaini kwa haraka wala kwa mtu asiyemjua. Lakini onyo lilelile lisitumike kumfungia mlango mtoto aliyekua mbele ya macho yetu katika darasa la watoto.

Tafakari: Katika kanisa lako, ni nani anayesoma peke yake? Umeulizia lini mara ya mwisho anakula nini?

ALHAMISI
Mshahara wa kwanza

Soma Marko 7:9–13 na Warumi 13:7, 8. Je, wajibu mmoja unaweza kuwa kisingizio cha kukwepa mwingine?

Siku mshahara wa kwanza unapoingia, wadai wote hufika. Bodi imeshakata. Zaka inangoja. Mdogo wake anataka sare. Na mara nyingine yule baba aliyesema jisomeshe anatuma ujumbe: “Mwanangu, sisi ndio tuliokuzaa.” Binti atoe nini kwa nani?

Yesu aliwakemea walioita mali yao Korbani ili wasiwatunze wazazi. Walitumia wajibu kwa Mungu kuukimbia wajibu kwa wanadamu. Mlango huo huo unaweza kufunguliwa kutoka upande wa pili. Mtu husema, “Silipi deni kwa sababu ninasaidia familia,” au, “Sitoi zaka kwa sababu Bodi inanimaliza.” Maandiko hayatupi nafasi ya kumlipa mmoja kwa fedha ya mwingine. Deni lililosainiwa si letu tena kulitolea ukarimu. Baba aheshimiwe, asaidiwe kwa kile kilicho cha binti kweli, hata kama ni kidogo. Kumsamehe hakumlazimu binti amlipie ng'ombe ambao hawakuletwa. Na mzee wa kanisa aliye karibu aseme hivyo waziwazi mbele ya ukoo, ili binti asibaki kulisema peke yake.

Kwa mwenye hati ya mshahara, makato hujifanya yenyewe. Jaribu la uaminifu liko kwa asiye nayo. Mhitimu anayebadilisha bidhaa Sirari, anayefanya biashara Nyamongo, anayelima kahawa kwao, hakuna anayemwona. Anaweza kupata zaidi ya mwalimu aliyeajiriwa, na asirejeshe hata shilingi. Kwake yeye, kujitokeza kwa hiari yake na kupanga jinsi ya kulipa ni ushuhuda mkubwa kuliko mahubiri mengi. Na ndugu aliyeajiri mhitimu katika shule au duka lake, sheria inamtaka akate na kuwasilisha. Akinyamaza ili kumfurahisha mfanyakazi, wameshiriki dhambi moja.

Je, yule ambaye hana kazi kabisa? Wapo wengi, wenye shahada, wanaoendesha bodaboda Mugumu na Tarime mjini, na kipato cha siku kinaishia kwenye hesabu ya mwenye pikipiki. Huyu asiitwe mwovu wa Zaburi 37:21. Mtu asiye na kitu hajakataa kulipa. Yeye amelemewa, na sasa deni lake limekuwa mzigo wa fungu la 2. Watu wa Nehemia 5 walifika mahali pa kuwatoa wana na binti zao kuwa watumwa kwa sababu ya madeni, na Nehemia hakuwahubiria uaminifu. Aliwakasirikia wenye uwezo, akaita kusanyiko, akataka mambo yabadilike siku ileile. Mshiriki mwenye duka, karakana au shamba anaposhindwa kumpa kazi kijana mwenye shahada anayeketi naye benchi moja kila Sabato, swali la Nehemia linamhusu.

Tafakari: Ni deni gani unalolilipa kwa sababu unaonwa, na ni lipi ungelilipa hata usipoonwa?

IJUMAA
Kwa mafunzo zaidi

Soma tena Wagalatia 6:1–5 kwa utulivu, ukianzia fungu la 1. Utaona kwamba Paulo anaanza na upole. Anayemsaidia mwenzake anaambiwa ajiangalie, asije akajaribiwa yeye mwenyewe. Mwenye deni na asiye na deni wanasomeshwa fungu moja.

Tumeona kwamba kurudisha kilichokopwa ni furushi. Halihamishwi kwa maombi, wala kwa hasira dhidi ya serikali, wala kwa ukubwa wa sadaka. Tumeona pia kwamba kuachwa peke yako si furushi. Hakuna mahali ambapo Mungu alimpangia mwanafunzi asiye na wazazi, au aliyekataliwa nao, abebe pengo la ada, njaa, hofu ya kurudi nyumbani na fomu isiyo na saini. Hiyo ni mizigo, na sheria ya Kristo imekwisha kuigawa kwetu sote. Kijana aliyechukuliwa mizigo yake hupata nguvu ya kulibeba furushi lake. Mara nyingi anayekimbia deni ni yule ambaye wakati wa shida hakuona mtu. Alisoma peke yake, na sasa anaona hana anachodaiwa na yeyote.

Maswali ya kujadili:

1. Mshiriki mmoja anasema, “Viongozi wanaotumia vibaya fedha za umma hawarudishi. Kwa nini mimi nirudishe?” Mngemjibuje kwa Maandiko, bila kukanusha uchungu wake?

2. Darasa lenu likiitwa kutoa “vyombo vitupu” kwa mwanafunzi mmoja mwaka huu, mna vyombo gani? Vitajeni kwa majina na msiondoke kabla hamjaamua nani atabeba kipi.

3. Binti aliyekataliwa na baba yake sasa ana kazi, na baba anaomba fedha za kumwolea kaka yake. Jadilini tofauti kati ya kuheshimu, kusamehe na kulipa. Je, wazee wa kanisa wana sehemu gani katika mazungumzo hayo?

4. Je, ni halali kanisa kumdhamini kijana kwa mkopo ambao linajua hataweza kuulipa kwa urahisi? Linganisheni Mithali 6:1–5 na Wagalatia 6:2.

5. Mwajiri Mwadventista na mfanyakazi wake wamekubaliana kutolijulisha deni. Ni nani aliyedhulumiwa, na kwa nini hasikiki?